Utawala wa Kaisari wa Laini ya Saba

Mitunguu, 7 Julai 2024

Shangazi Karimi wangu wa Runyenjes,

Salamu hizi zinatoka kwa Kaisari. Usigeuze bahasha kutafuta jina lingine, ni mimi tu, Gedion wa ndugu yako Muthamia, yule uliyemfundisha kusoma likizo moja kwa kumshika sikio.

Huku hatujambo. Mama anasema goti limetulia tangu aache kubishana nalo. Ng'ombe amezaa ndama dume. Kila mtu alitaka jike, na hata ng'ombe mwenyewe anaonekana kusikitika. Baba ni mzima. Nilipomwambia nakuandikia alisema nikusalimie, halafu akasema nisikusalimie, kwa hivyo chagua mwenyewe.

Utauliza kwa nini barua na dunia imejaa simu. Yangu iliingia ndani ya tangi la maji nikiwa kazini, kazi kubwa nitakayoieleza hapa chini, na kwenye simu ya Baba kila ujumbe anausoma Baba. Barua hii anakuletea Nuh, dereva wa lori la ndizi la Hersi wa Meru mjini. Ukijibu mpe yeye, kila Alhamisi anasimama Runyenjes kunywa chai.

Sasa tuingie ikulu. Unaijua Laini ya Saba. Bomba moja linashuka kutoka tangi la juu, mashamba ishirini na sita, kila mtu na saa zake za maji, na valvu moja kubwa yenye ufunguo mmoja. Mzee aliyeshika ufunguo miaka hii yote amehamia kwa binti yake kule Nkubu, na tangu aende kila mtu amekuwa akija na spana yake. Wa juu wanaoga, wa chini wanapiga mswaki kwa umande.

Wiki jana tukakutana kwenye banda la kupimia ndizi tuchague mwingine. Kila jina lililotajwa lilipingwa. Huyu ana shamba juu, huyu ana shemeji chini. Mimi nikasema kutoka nyuma kwamba mwenyekiti hatoshi hapa, hapa panahitajika Kaisari. Watu wakacheka. Gladwell, jirani wa shamba la katikati, yule mwenye sauti ya kuita mvua, hakucheka. Akasema, “Huyu hana hata mgomba mmoja kwa jina lake. Apewe yeye. Asiye na shamba atampendelea nani?”

Shangazi, kicheko kilikauka pale pale. Mikono ikapanda. Baba peke yake ndiye hakuinua wake, nadhani ni ile aibu ya mzazi kumpigia mtoto wake kura.

Basi nimetawazwa tarehe mbili Julai, saa nne asubuhi. Taji ni helmeti ya bodaboda niliyoipaka rangi ya manjano. Kiti cha enzi ni lile sanduku la simiti linalofunika valvu. Majeshi sina, lakini mwenye ufunguo anataka majeshi ya nini. Amri ya kwanza: mtu akionekana na spana karibu na bomba, spana inakuwa mali ya utawala. Nimeshapata sita. Amri ya pili, na hii niliitunga bila msaada wa kidato cha tatu: saa za mtu zinaanza maji yakifika shambani kwake, sio valvu ikifunguliwa. Bomba linajaa nusu saa nzima kabla mtu wa chini aone tone, na hiyo nusu saa zamani ilikuwa inakatwa kwake.

Na wa chini kabisa ni nani? Ni wewe. Nimepita huko. Migomba yako imekunja majani kama miavuli iliyofungwa. Maneno ya Babu nayajua, hapa hakuna asiyeyajua. Alisema mbele ya wazee kwamba shamba la chini ni la Karimi mradi migomba yake imesimama, na ikikauka yote linarudi kwa Muthamia. Haitakauka. Kaisari amesema. Kabla Agosti iishe maji yatakuwa kwako, na mkungu utaletewa mpaka mlangoni.

Nimetia muhuri wa kidole chenye matope,
Gedion wa Kwanza


Runyenjes, 25 Julai 2024

Gedion mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza na kalamu nyekundu mkononi. Makosa ni kumi na saba. Sikurudishii, maana mzee wangu Muturi ameiweka chini ya redio na kila mgeni anasomewa.

Sisi tuko salama. Baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye sukari. Muturi anachuma chai yake akilalamika, kama kawaida, na asipolalamika nitaita daktari. Wanjira yuko chuoni Embu. Anasema binamu yake akianza kugawa uwaziri asisahau damu.

Nimefurahi watu wamekuamini. Hilo la kuhesabu saa maji yakifika ni wazo la mtu mwenye akili, na siku moja utanieleza kwa nini akili hiyo ilikataa kwenda kidato cha tatu. Lakini Kaisari anayekula ugali wa mamake asiingie nayo helmeti mezani. Nimefanya kazi na walimu wakuu wanne, na watatu waliharibiwa na kengele tu, sembuse ufunguo.

Kuhusu shamba la chini usijisumbue sana. Mimi ni mzee, meno yangu yanataka vitu laini lakini Runyenjes pia kuna ndizi. Kama ni kukauka, acha ikauke. Ila unijulishe tu, ile migomba mitatu ya karibu na mwamba, ambayo Babu yako alichimba mashimo na mimi nikashika miche, bado ipo? Nataka kujua, basi.

Babako bado anasumbuliwa na tumbo? Asinywe chai asubuhi kabla ya kula kitu. Mwambie, lakini usiseme ni mimi.

Naiacha kalamu hapa kabla Nuh amalize kikombe chake.

Shangazi yako,
Karimi


Mitunguu, 4 Agosti 2024

Shangazi mwenye kalamu ya damu,

Makosa kumi na saba si mengi kwa mtu anayeandikia juu ya simiti. Mwambie Wanjira uwaziri upo, ila aje na jembe.

Mama anakusalimu, goti pia. Ndama ameota tabia mbaya na tumemwita Mheshimiwa. Baba nilimwambia kuhusu chai. Akaniuliza nimetoa wapi udaktari, nikasema ni busara ya cheo. Akaniangalia muda mrefu, halafu akaomba kiazi.

Utawala umenoga. Ndugu wawili wa shamba la nne walikuwa hawajasemezana tangu mwaka jana kwa ajili ya maji. Nikawapa saa zilizofuatana, mmoja akifunga lazima amwambie mwenzake afungue. Siku ya kwanza walitumia filimbi. Sasa wanaongea, ingawa ni matusi. Laini ya Sita nao walituma wajumbe kuja kujifunza. Niliwakaribisha kwa ndizi mbivu na hotuba fupi ya dakika arobaini.

Ile mitatu ya mwamba: miwili imesimama, mmoja umelala. Nisamehe, Shangazi. Ningetaka kukuandikia mitatu.

Ni kwa sababu kuna kitu hakiendi sawa. Nafungua valvu, wa juu wanapata, wa katikati wanapata, hata shamba letu linapata mpaka Baba anaambia watu mwanawe anajua kazi. Lakini zamu yako ikifika nakaa huko chini saa nne nzima, na kinachotoka ni kama mkojo wa mbuzi mwenye haya. Bomba halijapasuka. Nimelitembea lote, helmeti kichwani. Maana yake ni moja: mtu ananiibia njiani.

Na mtu huyo nadhani namjua. Mara tatu nimemkuta Gladwell asubuhi akisukuma wilbaro yenye mitungi sita, gunia juu yake, akielekea chini ambako hana shughuli. Akiniona anaanza kuimba wimbo wa kanisani, na haimbi vizuri. Tena mikungu yake ni mikubwa, Nuh anaipakia na watu wawili. Huyu ndiye aliyesema nipewe ufunguo. Alidhani Kaisari ni mjinga.

Kwa hivyo nimetoa Amri ya Tatu, nimeiandika kwenye kadibodi na kuitundika juu ya valvu: atakayekutwa ameiba maji atapoteza zamu zake zote mwezi mzima, hata awe nani. Baba aliisoma mara mbili. Akasema mwandiko umekuwa mzuri.

Mlinzi wa kila tone,
Gedion wa Kwanza


Runyenjes, 13 Agosti 2024

Gedion,

Tunaendelea vizuri, Muturi anasalimia. Leo sina ya kuchekesha.

Gladwell mwache. Usimfuate, usimwite kwenye kikao, usiimbe naye wala usimzuie kuimba. Usiniulize kwa nini. Yeye mwenyewe aliniomba nisiseme, na mimi nilikubali.

Hayo maji yanayopotea pia yaache. Bomba ni la zamani, na mashamba yamekauka kabla ya langu. Kuna mambo siwezi kukuandikia kwa sababu utayasoma ukiwa umekaa meza moja na watu unaowapenda, na kesho utahitaji kula nao tena. Heri nipoteze kipande cha shamba kuliko wewe upoteze kitu kikubwa zaidi.

Ondoa ile kadibodi. Nakuomba kama shangazi. Nikikuomba kama mwalimu utakataa.

Pole kwa barua fupi. Wewe ni mtoto mzuri, na sijawahi kukuambia.

Karimi


Mitunguu, 1 Septemba 2024

Shangazi,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa Kaisari, ambaye hajajibiwa kwa wiki nne. Nimeambiwa lori la Nuh limekufa giaboksi Chuka na Nuh mwenyewe amerudi Meru kusubiri spea. Kama barua yako iko ndani ya lori hilo basi inakula upepo wa Chuka. Hii nampa mwalimu mmoja anayesafiri Embu, amesema ataiacha kwenye duka la karibu na stendi yenu.

Mama ni mzima. Mheshimiwa amekula shuka.

Migomba yako, sitakudanganya, inaanguka. Wiki hii imelala minne. Baba alikuja huko chini Jumanne, akasimama pembeni akiitazama, mikono nyuma. Nikamwambia asijali, namjua mwizi na siku zake zimehesabiwa. Akageuka, akarudi juu nyumbani. Nadhani anakuonea huruma, hata kama hamsemezani.

Sasa sikia akili ya mwanao. Gladwell nikimwuliza atakana, na sina ushahidi ila wilbaro. Lakini usisahau, wewe uliyeolewa mbali, kwamba ukoo wetu una gichiaro na watu wa Mzee Mutegi wa Tharaka. Babu wa babu zetu walikula kiapo cha undugu, na kiapo hicho hakizeeki. Mtu wa gichiaro akikuuliza jambo huwezi kumdanganya, akikuomba kitu huwezi kumnyima. Watu wa hapa watamdanganya chifu wakitazama macho yake, lakini mtu wa gichiaro, hapana. Na kila mwenye shamba kwenye laini hii ni wa ukoo wetu au ameolewa kwetu.

Nimemtumia Mzee Mutegi ujumbe na asali chupa mbili. Amekubali kuja Jumamosi tarehe saba. Atamwuliza kila mtu mmoja mmoja, hadharani, na Gladwell wa kuimba ataimba kweli. Baba nilipomwambia jana alishtuka, akaniuliza kama naweza kumwambia mzee asije. Nikamwambia mtu wa gichiaro ukishamwita hairudishwi safari yake, hata mtoto anajua. Akasema ndiyo, ni kweli.

Jitayarishe kupokea mkungu.

Gedion wa Kwanza, Mwenye Kuona Mbali


Mitunguu, 15 Septemba 2024

Shangazi,

Natumaini uko salama, na mzee Muturi, na Wanjira. Mama ni mzima. Barua yako ya tarehe kumi na tatu Agosti imenifikia jana. Nuh aliitoa chini ya kiti cha lori, ina alama ya grisi. Nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa.

Ilichelewa kwa wiki moja tu, Shangazi. Au labda haikuchelewa. Ngoja nikuambie.

Mzee Mutegi alifika Jumamosi saa tatu asubuhi. Ni mtu mfupi, kofia ya sufu, hana haraka. Tulimpa kiti cha enzi, nikakunja koti langu chini yake kwa sababu simiti ni baridi. Watu wa laini yote walikuja, wengine na majembe yao. Mimi nilisimama upande na helmeti, na nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia Gladwell akishakiri. Yalikuwa matamu. Sasa siyakumbuki na sitaki.

Mzee hakuhutubu. Alimwita mtu, akamwuliza kama ameyagusa maji nje ya zamu yake, mtu akajibu, akaita mwingine. Wawili wa juu walikiri mambo madogo, ndoo ya kufulia, siku ya harusi. Akafika kwa Gladwell. Nikajisogeza mbele.

Gladwell akasema, “Nimechota kwenye zamu yangu mwenyewe, nikapeleka kwa wilbaro kwenye migomba ya Karimi. Tangu Mei. Nilificha kwa sababu sikutaka mtu aone kwamba ninajua haipati.”

Mzee akamwuliza alijua kwa nini haipati. Akasema hilo si swali lake kujibu, lina mwenyewe hapa.

Hapo Shangazi nilianza kuhisi helmeti imekuwa nzito. Nilitazama nyuso za watu na hakuna aliyenitazama. Kumbe nusu ya laini walijua, au walidhani wanajua, na mimi nimekuwa nikitembea na kadibodi.

Baba alikuwa wa ishirini na mbili. Alitoka mbele kabla hajaitwa. Mzee alipouliza, Baba alivua kofia. Kisha akasema, “Niliyagusa. Kuna bomba nimefukia chini ya ua wetu. Nilitaka shamba la dada yangu likauke.”

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake hospitali.

Watu wote wakageuka kwangu. Amri ya Tatu ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa cha Mzee Mutegi, hata awe nani, kwa mwandiko mzuri. Nikavua helmeti. Nikawaambia mimi siwezi kumfungia baba yangu maji, na siwezi kumwachia pia, kwa hivyo utawala wangu umeishia hapa. Siku sitini na saba. Nikamwendea Gladwell, nikamwomba msamaha mbele ya wote kwa kumdhania mwizi, nikamnyooshea helmeti na ufunguo.

Akasema, “Hiyo helmeti baki nayo, itanivurugia kitambaa. Lete ufunguo.”

Watu walicheka, na sijawahi kushukuru kicheko namna ile. Gladwell akaamua papo hapo. Zamu za Baba mwezi mzima ziende chini kwako, na Baba achimbue bomba lake mwenyewe, mchana, watu wakiona. Wakakubali wote. Halafu Mzee Mutegi akasema na yeye ana ombi kwa Muthamia. Akamwomba aende Runyenjes yeye mwenyewe, akuambie, wewe usikie kutoka kwa mdomo wake. Unajua ombi la namna hiyo halikataliwi.

Jumapili tulichimba pamoja. Haikuwa kwenye adhabu kwamba mimi nichimbe, lakini sikuweza kukaa. Bomba lilikuwa refu hatua thelathini. Tulipotoa kipande cha mwisho Baba aliketi kwenye ukingo wa shimo akafuta jasho kwa kofia. Akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema hapana, ningejua nisingemwita mzee. Akasema, basi ni vizuri hukujua, maana mimi ningezeeka na hili bomba.

Shangazi, jioni hiyo alikula sahani mbili. Mama alimtazama kama mtu aliyerudi kutoka safari. Tangu Machi hajamaliza hata moja.

Mimi bado naona haya kupita barabarani. Lakini nakuambia ukweli, nimelala usingizi mzuri wiki hii yote. Sijui kama ni dhambi.

Atakuja Alhamisi ya wiki ijayo na lori la Nuh, limepona. Ukitaka kumfukuza, mfukuze baada ya kula.

Mwanao,
Gedion, bila nambari


Runyenjes, 29 Septemba 2024

Gedion mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Wanjira alikuja wikendi, anasema amesikitika uwaziri wake umekufa kabla ya kuapishwa. Barua yako ya tarehe moja niliipata tarehe kumi. Mwenye duka aliisahau ndani ya daftari, mambo yakiwa yamekwisha. Nilikuwa nimempigia babako siku ile ya Jumamosi bila kujua chochote, roho tu ilinituma, na simu haikushikwa. Nashukuru haikushikwa. Angeniambia, nami ningemwambia asiende kikaoni.

Sasa nikusimulie. Alifika saa sita mchana. Nilikuwa nje naanika maharagwe. Nikamwona anashuka kwa Nuh na mkungu begani, mwembamba kuliko ninavyomkumbuka. Miaka sita hatujaonana, Gedion. Nilikuwa nimepanga maneno, kama wewe. Nilichosema ni kwamba viatu vyake vina matope avivue mlangoni.

Alikula. Muturi akamtembeza kwenye chai yake, wakaongea juu ya mbolea, mbolea, mbolea. Waliporudi alikaa kwenye kiti cha dirishani na chai ikapoa. Nikaona hataanza, nikaanza mimi.

Kuna jambo sikukuandikia, na sasa una haki nalo. Tulipomaliza shule ya msingi mimi na babako, tulifaulu wote wawili. Alinizidi alama nne. Babu yako alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na akanichagua mimi, kwa sababu babako alikuwa na mikono ya kazi na mimi sikuwa nayo. Babako alibeba sanduku langu mpaka kituoni. Nikawa mwalimu, yeye akawa na jembe, halafu Babu yako akifa ananipa na shamba juu yake. Nilijua tangu zamani kwamba kuna siku angechukua kitu. Niliposikia migomba inakauka, sikuhitaji kuambiwa na mtu. Ndiyo sababu nilitaka ukae mbali. Nilidhani ni deni langu kwake, na kwamba shamba likienda tutakuwa sawa.

Hayo yote nilimwambia. Akatikisa kichwa. Akasema, “Nilidhani ikikauka nitapumzika. Kila asubuhi nilikwenda kuitazama na tumbo linaniuma. Karimi, shamba ni lako hata ukipanda mawe.”

Muturi akaandika maneno hayo kwenye karatasi, yote, pamoja na mawe, na babako akatia sahihi. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako na wangu. Nilikuwa nimesahau hilo.

Alilala hapa siku mbili. Alirekebisha mlango wa banda la kuku ambao Muturi ameuahidi tangu uchaguzi uliopita. Akiondoka aliniuliza kama kwenye shule za jioni za watu wazima wanachukua mtu wa miaka hamsini na nane. Nikamwambia mimi mwenyewe nitamwandalia vitabu. Usimchekelee. Ukimchekelea nitajua.

Na wewe. Umeniuliza kama kulala vizuri ni dhambi. Mimi pia nimelala. Muturi anasema nimekoroma, na kwa hilo amenisingizia.

Nakuombea mvua, lakini ije taratibu.

Shangazi yako,
Karimi


Mitunguu, 6 Oktoba 2024

Shangazi,

Hatujambo kabisa. Mama amekutumia unga wa wimbi, utampata Nuh nao. Mheshimiwa tumemfunga, amekula kadibodi ya Amri ya Tatu na hakuna aliyemlaumu.

Mimi sasa napakia ndizi kwenye lori la Hersi, siku tatu kwa wiki, mpaka soko la Gakoromone. Wananiita Mstaafu. Nimewaambia mstaafu anaheshimiwa, wakanipa mkungu mzito zaidi. Gladwell anatawala bila helmeti, bila hotuba, na maji yanakwenda kwa saa kama treni. Inaniuma kidogo, lakini nikimwona namwimbia wimbo wake wa kanisani na yeye ananirushia kokoto.

Baba simcheki. Nimemwuliza tu swali la hesabu jana, akalijibu kabla sijamaliza kuliuliza. Alama nne zaidi yako, Shangazi. Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia? Miaka hii yote nimekuwa nikijisifu kwenye nyumba hii.

Ijumaa ilikuwa zamu yako, ya kwanza mimi na Baba kushuka wote wawili. Baba aliamka mwenyewe, akaenda kwa Gladwell, akaomba ufunguo kwa adabu kama mtoto wa shule, akafungua. Tulishuka pamoja. Nusu saa bomba lilikuwa kimya, kama kawaida. Halafu likakohoa, likatema tope jekundu, likatema chura, na chura mwenyewe alishangaa. Kisha maji. Sio mkojo wa mbuzi. Maji ya kweli, yamejaa mdomo wa bomba, yanasukuma mkono ukiyazuia. Baba aliyaacha yapite juu ya miguu yake na viatu vyake, hakusogea.

Kisha tukaanza kuhesabu migomba iliyosalia, yeye upande wa mwamba, mimi upande wa mto. Mingine imekunjua majani tayari. Mmoja ambao nilikuwa nimeuandika kwamba umekufa una chipukizi kwenye shina, kidogo kama kidole cha mtoto, na Baba alipiga magoti akakizungushia udongo.

Migomba yako imesimama, Shangazi. Mimi nilihesabu nikapata arobaini na mmoja. Baba alihesabu akapata arobaini na miwili, na sikubishana naye.

Gedion